Mama wa Bendera

Rehsdorf, Jumapili, 8 Machi 1925

Mwanangu Ewald,

Kifua kinaendeleaje? Mkeo Lene anakupaka yale mafuta ya bata niliyoyatuma, au yamekaa tu kabatini? Usinifiche. Tangu gesi ile ya vitani mimi nikisikia mtu yeyote anakohoa barabarani nageuka.

Mimi mzima. Tena nina habari. Unakumbuka paa lilivyokuwa likivuja juu ya kitanda cha marehemu baba yako? Halivuji tena. Jumanne walikuja wanaume sita wa Umoja wa Askari wa Mstari wa Mbele, na ngazi na vigae, wakamaliza kabla sijapika viazi vya kuwapa. Hawakutaka malipo. Stöhr mwokaji mikate, yule katibu wao, akaniambia, "Mama Krahmer, mama wa Gerhard ni mama yetu sote." Nikaenda jikoni kulia kidogo. Mwanangu, tangu ndugu yako amekufa ni miaka minane, na watu wakifika kwenye jina lake hubadilisha mazungumzo. Hawa wanalitaja kama la mtu aliyetoka nje tu mara moja.

Jana akaja Kapteni von Reddern mwenyewe, mwenyekiti. Akavua kofia mlangoni. Mwezi wa sita watazindua bendera ya umoja wao, na bendera lazima iwe na mama yake, mwanamke aliyempoteza mtoto vitani. Wamenichagua mimi! Si mke wa mchungaji, si mke wa daktari. Nitafunga utepe mweusi kwenye mlingoti na kugongelea msumari wa shaba wenye jina la Gerhard. Mwakani watasimamisha jiwe la ukumbusho, naye atakuwamo.

Najua utasema siasa. Nilimuuliza Kapteni usoni kabisa. Akasema, "Mama, siasa tunaiacha mlangoni pamoja na matope ya viatu. Ndani ni udugu tu." Nawe ulikuwa mstari wa mbele miaka mitatu, wanakuhesabu wa kwao. Njoo, baba. Uvae koti lako jeusi.

Mama yako,
Ottilie Krahmer


Leipzig, 15 Machi 1925

Mama yangu mpendwa,

Mafuta ya bata nimepakwa mpaka wenzangu wa karakana ya tramu wananiita Krismasi, kwa harufu ya bata wa kuchoma. Kifua kimetulia. Lene anakusalimu na anasema usitume mengine.

Nimefurahi kuhusu paa. Nilitakiwa nilitengeneze mimi, najua, na hilo linaniuma. Lakini Mama, hebu tuongee. Huku Leipzig nao wapo. Kila Jumapili wanapita kwa gwaride kwenye mitaa yetu sisi wafanyakazi, na rangi za Kaisari kifuani, wakiimba kwamba jamhuri ni takataka na kwamba sisi tuliochoka na vita mwaka wa kumi na nane ndio tuliowachoma kisu mgongoni. Hawagombei kura, hilo ni kweli. Wao wanataka siku moja kusiwe na kura kabisa.

Fanya hivi. Muulize Kapteni swali moja tu: Je, Juli Blumenfeld anaweza kuingia umoja wao? Alikuwa kikosi kimoja na Gerhard na mimi. Ana nishani ya msalaba kama mimi. Yeye ndiye aliyembeba Gerhard mgongoni toka kwenye shimo mpaka kwa daktari, huku wanatupiga risasi, na Gerhard akamfia mgongoni. Kama mstari wa mbele ndio unaohesabika, basi nani ana haki kumzidi? Uliza, halafu uniandikie walichojibu. Neno kwa neno.

Mwanao,
Ewald


Rehsdorf, 3 Mei 1925

Mwanangu,

Nisamehe nimechelewa. Kulikuwa na nguo nyingi za kupiga pasi kwa ajili ya Pasaka, halafu mkono ukavimba, halafu nikawa sijui nianzie wapi.

Siku ya kumpigia kura rais walikuja kunichukua na gari la farasi lililopambwa majani, sisi wazee wote wa mtaa wa chini. Sijawahi kupanda gari la namna hiyo tangu harusi yangu. Stöhr alikaa mbele, anatutania: "Akina mama, mnajua kusoma jina la jemadari wetu mzee, au niwachoree?" Tukacheka. Nikampigia huyo jemadari. Usikasirike, ana uso wa mtu aliyezika watu wengi.

Kuhusu Juli nimeuliza. Wamesema nafasi zimejaa kwa mwaka huu.

Utakuja, si ndiyo? Nimeshona kola mpya.

Mama yako,
Ottilie


Leipzig, 10 Mei 1925

Mama,

Nafasi zimejaa! Kwani ni nyumba ya wageni? Mama, wewe hujui kusema uongo, usianze kujifunza sasa. Ukidanganya herufi zako zinalala upande kama majani yaliyopigwa na mvua.

Mimi najua walichosema kwa sababu Juli mwenyewe ameniandikia. Alikwenda kwa miguu yake na nishani yake, na Stöhr akamwambia mbele ya watu, "Blumenfeld, wewe kauze ng'ombe. Hapa tunahesabu damu." Naye akamjibu, "Mimi ya Krahmer ilinilowanisha koti zima, mnataka ya nani nyingine?" Wakacheka wakafunga mlango, kwa kuwa ni Myahudi. Mtoto aliyekuwa akila keki ya zambarau jikoni kwako, Mama. Ulimfuta kamasi na aproni ileile uliyotufutia sisi.

Hiyo ndiyo siasa waliyoiacha mlangoni. Waliacha ya watu wengine tu, ya kwao wameingia nayo mpaka kwenye paa lako.

Sitakuja. Na kama utafunga utepe huo, ujue unamfungia nani. Una watoto wawili, mmoja yuko Flanders chini ya udongo, mwingine yuko Leipzig na anakohoa. Chagua wewe.

Ewald


Rehsdorf, Jumatatu, 15 Juni 1925

Mwanangu Ewald,

Hukujibu barua zangu mbili, lakini nakuandikia tu. Mama haoni haya.

Ilikuwa jana. Usinune, soma mpaka mwisho. Jua liliwaka toka asubuhi. Mchungaji aliendesha ibada uwanjani, halafu jiko la kijeshi likagawa supu ya njegere kwa kila mtu, bure. Mimi nilikaa jukwaani kati ya Kapteni na mke wa meya, na kola yangu mpya. Nikafunga utepe. Nikagonga msumari. Ukapinda kidogo, Kapteni akaunyoosha akasema, "Hivyo hivyo, Mama, hata vitani hatukupiga risasi zote sawa."

Halafu wakaita majina ya waliokufa. Sikujua kwamba wanafanya hivyo. Kapteni anaita jina, na umoja mzima unajibu kwa niaba ya yule mtu. Akaita, "Gerhard Krahmer!" Wanaume mia kadhaa kwa sauti moja wakajibu: "Yupo!"

Ewald, sijui nikuelezeje. Yupo! Miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikijibu peke yangu jikoni. Nikamshika mke wa meya mkono.

Hapo ndipo kukatokea fujo kidogo nyuma, kando ya hema la bia. Watu wawili. Mmoja alipaza sauti baada ya wengine kunyamaza, wakaanza kusukumana. Macho yangu ya mbali unayajua, niliona vumbi na kofia tu. Kapteni akapunga mkono na bendi ikapiga kwa nguvu mpaka fujo ikaisha. Akaniambia ni Wekundu wawili, wakomunisti, wamelewa, walitaka kuichana bendera. Jioni polisi akaja kuniuliza kama mama wa bendera, nikamwambia hivyo hivyo, walikuwa wamelewa na walikuja kuichana. Akaandika, nikatia jina langu.

Nilisikitika hukuja, lakini kwa ajili ya fujo ile nikamshukuru Mungu hukuwapo, na kifua chako hicho.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako,
Ottilie


Leipzig, 19 Juni 1925

Mama mkwe,

Naandika mimi Lene kwa sababu Ewald hawezi kuongea na mkono wake wa kulia umefungwa. Barua yako imefika leo. Nimemsomea kando ya kitanda hospitalini. Sikupaswa kuisoma kwa sauti, lakini nilianza kabla sijajua kilichomo.

Hawakuwa wamelewa. Ewald alikuwa amejutia barua yake ya mwezi wa tano, hasa lile neno kwamba uchague. Alisema, nitakwenda nisimame nyuma nimwone mama amevaa kola yake, halafu jioni nitabisha hodi, tutakula, yaishe. Alimpitia Juli wakaenda pamoja. Walisimama kando ya hema la bia kwa sababu pale walidhani hawatamsumbua mtu.

Kapteni alipoita jina la Gerhard, wote walijibu. Juli naye akajibu. Alichelewa kidogo tu. Alisema "Yupo," basi. Hakusema neno jingine. Mtu akageuka akamjua, akasema Myahudi huyu anamjibia nani hapa. Juli wakamwangusha kwanza, Ewald akamlalia juu kumkinga.

Taya limevunjika, na mbavu mbili, na kuhusu upande wa kushoto wa kifua daktari hasemi vizuri.

Ewald ameniandikia kwenye kibao, kwa mkono wa kushoto, kwamba nisikueleze hili linalofuata. Nakueleza. Alipokuwa chini alikuita. "Mama!" Ameandika kwamba alikuona umesimama, umegeuza uso upande wake. Halafu bendi ikapiga.

Leo polisi wameleta hati ya mashtaka. Wanashtakiwa wao wawili, kwa kuvuruga ibada na kushambulia bendera. Shahidi wa kwanza ni wewe.

Lene


Rehsdorf, 22 Juni 1925

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Nilikuja mpaka Leipzig na Lene akanizuia mlangoni. Sikumlaumu. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka wakafunga nikarudi na treni.

Sikukuona. Naapa kwa nafsi ya baba yako. Nilisikia kitu kama sauti, ndiyo, ndiyo maana nikageuza uso. Nikajiambia, Ottilie, unawasikia wafu leo, ni siku yao. Ningejuaje? Uliniambia huji.

Nimekwenda polisi nikamwambia yule afande, futa, mimi sikuona kitu, nilisema nililoambiwa. Akasema, mama, kilichotiwa jina hakifutwi. Nikaenda kwa Kapteni. Alinikalisha, akanipa kahawa halisi. Anasikitika sana. Anasema ungejitambulisha wewe ni nani wangekupa kiti cha mbele. Na anasema lipo jambo la kufanya. Ukiandika kwamba Juli ndiye aliyekushawishi, kwamba alikupotosha, wao wataliondoa jina lako kwenye mashtaka, yeye ataongea na watu wake mahakamani. Atabaki Juli peke yake.

Ewald, baba, andika. Ni maneno tu. Juli ni kijana, hana mke, kifua chake kizima. Wewe ukiwekwa jela kwenye unyevunyevu hutatoka. Mungu ataelewa, na Juli mwenyewe ataelewa, mimi nitamwendea nipige magoti. Nimeshazika hewa mara moja, hata mwili sikupewa. Siwezi mara ya pili. Nakuomba kama ulivyoniomba mimi maziwa.

Mama


Leipzig, 2 Julai 1925

Mama,

Naandika kwa mkono wa kushoto, itakuwa fupi.

Nimeisoma. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili niliona kwamba wameingia mpaka mahali ambapo hata wewe huwezi kuwaona. Wewe uliyekuwa ukimpa Juli kipande kikubwa zaidi kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa.

Siandiki hayo maneno. Usimwendee Juli.

Usiniandikie mpaka kesi iishe.

E.


Rehsdorf, 24 Novemba 1925

Mwanangu Ewald, gerezani,

Kesi imeisha na wewe uko ndani, kwa hiyo naona naruhusiwa kuandika. Mlinzi wa lango amenipokea soksi na sweta. Amesema utapewa. Vaa sweta ndani, si nje.

Ulikuwapo mahakamani, sina haja ya kukueleza. Lakini hukuniangalia, kwa hiyo labda hukuona kwamba nilisimama wima. Nilimwambia hakimu yote. Kwamba sikuona, kwamba Kapteni ndiye aliyenitia maneno kinywani, kwamba hata mimi mwenyewe nilikuandikia ujinga. Ukumbi ukacheka niliposema ujinga. Hakimu akaongea nami kwa upole sana, mpole kama Kapteni, akasema hakuna anayemlaumu mama kwa kumpigania mwanawe, na ndiyo sababu mahakama itafuata maneno niliyoyasema kabla sijajua ni nani. Alipoinuka joho likafunguka, nikaiona pini ya umoja wao kwenye koti lake la ndani. Nikamwonyesha kidole. Wakanitoa nje. Hukumu nilisomewa barabarani na mtu nisiyemjua: wewe miezi minne, Juli minane.

Juzi ilikuwa Jumapili ya Wafu. Wiki moja kabla nilimwendea Kapteni nikamwambia, nitoeni kwenye umama wa bendera, na jina la Gerhard lirudisheni. Akasema umama nimeshatolewa tangu mahakamani. Jina halirudi. "Mama Krahmer, askari aliyekufa si wa familia. Ni wa taifa." Nikamwambia, taifa lilimzaa saa ngapi? Akavaa kofia.

Basi Jumapili nilikwenda makaburini. Walipanga mistari, bendera mbele, utepe wangu unapepea. Hawakunifukuza, mwanamke mzee mwenye shungi nyeusi, wapo wengi. Wakaita majina. Walipofika kwa Gerhard wakajibu, "Yupo!" Nami nikasema, "Hayupo."

Sikupiga kelele. Lakini palikuwa kimya na baridi, sauti ikaenda. Nikasema, "Hayupo. Amekufa, na aliyembeba ni Julius Blumenfeld, naye mmemfunga." Stöhr akasema, "Mwondoeni bibi, amechanganyikiwa." Hakuna aliyenigusa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, walingoja tu ninyamaze, kama unavyongoja gari la takataka lipite. Halafu Kapteni akaita jina lililofuata.

Nilidhani nikisema hivyo nitahisi nimekurudisha. Sikuhisi kitu. Nilirudi nyumbani nikavua viatu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu uniambie kama kifua kinauma ukilala upande wa kushoto.

Mama yako,
Ottilie


Gerezani, 13 Desemba 1925

Mama,

Wanaturuhusu barua moja kwa mwezi. Ya mwezi uliopita nilimpa Lene. Hii ni yako.

Kifua kinauma upande wa kushoto. Nalala wa kulia. Sweta navaa ndani.

Ulichokifanya makaburini nimekisikia hata kabla ya barua yako, mfungwa mmoja mpya ni wa Rehsdorf. Juli naye amesikia, tuko jengo moja ingawa hatuonani. Amenitumia neno: amesema asante, na amesema akitoka haji Rehsdorf tena. Baba yake ameuza nyumba na zizi. Wanakwenda Uholanzi kwa ndugu zao.

Umeandika huombi msamaha. Vizuri, kwa sababu sijui kama ninao. Ninatafuta. Siku nyingine naona kola yako jukwaani na nataka kucheka, siku nyingine nasikia ile bendi. Nikijua nitakuambia, sitakuacha ukikisia.

Mpaka hapo nina ombi. Usiniandikie habari za Gerhard. Usiniandikie za Juli, wala umoja, wala mahakama, wala ulivyolia. Humu ndani nina hayo tu mchana kutwa. Sitaki pia ukae kimya. Lene amesema umenunua mbuzi. Niandikie habari za mbuzi.

Ewald


Rehsdorf, 10 Januari 1926

Mwanangu Ewald,

Mbuzi ni jike, mweupe, na doa la kahawia kwenye sikio kama vile mtu alifutia brashi hapo. Nilimnunua kwa mjane wa mwenye kinu, ana mimba, au alikuwa nayo, kwa sababu Ijumaa amezaa. Mtoto mmoja, jike pia. Mama amemkataa. Anampiga teke kila akikaribia chuchu, sijui kwa nini, yule mjane anasema hutokea kwa mimba ya kwanza.

Kwa hiyo mtoto yuko jikoni na mimi, kwenye kikapu cha nguo. Kikapu kipo tu, siku hizi sina nguo nyingi za watu. Sisemi zaidi ya hapo, hiyo si habari ya mbuzi.

Ninamkamua mama nikimfunga kichwa kwenye nguzo, halafu napasha maziwa yawe ya vuguvugu na kumpa mtoto kwa kitambaa, ananyonya kidole changu mpaka kinakunjamana. Anakojoa kila mahali. Jana alipanda juu ya kitanda akala ukingo wa shuka. Nilimwambia, "We mwizi, hiyo ni ya mahari yangu," akaniangalia tu. Hana jina. Nimeona nikuachie wewe au Lene mkitaka.

Sijui kama mbuzi wanasikia baridi masikioni, kwa hiyo nimemfunga leso. Anaonekana kama bibi anayekwenda sokoni. Ungecheka.

Habari za mbuzi zimekwisha. Lakini karatasi bado ina nafasi, na mimi sitaki kuikunja. Kwa hiyo nakueleza tu leo asubuhi ilivyokuwa. Nilimtoa nje kwa mama yake nijaribu tena. Theluji ilikuwa imeganda. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, amegeuza uso ukutani. Sikumfunga kichwa safari hii, nilishika tu ndoo, nikakaa pembeni. Mtoto akaenda, akasimama mbali kidogo. Mama akageuka. Hakupiga teke. Hakumkaribia pia. Walisimama hivyo, nami nikabaki pale palepale mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu niliogopa nikisogea nitaharibu.

Kesho nitajaribu tena, nitakuandikia.

Mama